Unaifungua, Huifungi: Mafunzo Niliyopata kwa Trayaki

Juu ya rafu ya karakana yangu hapa Morogoro kuna kopo la maziwa ya unga lililojaa vipande vyeusi vya plastiki, kila kimoja kina miguu mitatu na mgongo wa bati. Vijana wanaokuja kujifunza ufundi huniuliza kwa nini sivitupi. Huwaambia kwamba ada ya shule nililipa humo. Kila kipande ni trayaki iliyofia mikononi mwangu, au niliyoikuta imeshakufa ndani ya kifaa cha mteja, na nyingi bado nakumbuka zilivyokufa.

Kwa asiyeijua, trayaki ni swichi isiyo na kitu kinachosogea. Miguu miwili, ambayo vitabu huiita MT1 na MT2, hupitisha umeme unaokwenda kwenye mzigo, uwe balbu, hita au mota. Mguu wa tatu ni geti. Geti likipata mkondo mdogo wa miliampia chache, njia kati ya ile miwili hufunguka papo hapo. Ilitoka kwa kampuni ya General Electric ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, miaka michache baada ya dada yake mkubwa, thairista, ambayo hupitisha umeme kwa upande mmoja tu. Trayaki hupitisha pande zote mbili, na hapo ndipo ilipopata ulaji, maana umeme wa ukutani kwetu hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Fungua dima ya taa, drili ya mkono, mashine ya kufulia au regyuleta nyingi za feni, utaikuta imekaa humo kimya.

1. Kufungua ni kazi yako, kufunga si kazi yako

Siku ya kwanza niliyoishika niliiunganisha na betri ya gari na balbu ndogo ya pikipiki. Nikagusisha waya wa geti kupitia rezista, balbu ikawaka. Nikauondoa ule waya, balbu ikaendelea kuwaka. Nikangoja. Ikaendelea kunitazama tu. Nikamwambia mzee aliyenifundisha kazi kwamba kitu alichonipa ni kibovu. Hakunijibu. Alichomoa waya mmoja wa betri, akaurudisha palepale, na balbu ikabaki giza.

"Si mbovu, mwanangu," akasema. "Ilikuwa inangoja sifuri, na betri haina sifuri."

Mimi nimekulia karibu na mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, kwa hiyo jambo hili nilijieleza kwa mlango wa mfereji. Fikiria mlango ambao ukishauinua, nguvu ya maji yanayopita ndiyo inayoushikilia juu. Wewe nenda zako. Utashuka pale tu maji yatakapokatika. Umeme wa betri haukatiki. Umeme wa ukutani hufika sifuri kila baada ya milisekunde 10, na kila ukifika, mlango huanguka wenyewe. Ujanja wote wa kupunguza mwanga au joto kwa trayaki umo katika kuchelewa kuuinua tena. Ukiuinua mara tu wimbi linapoanza, umeme wote unapita. Ukingoja milisekunde 5, inapita nusu ya mwisho peke yake.

Katika dima ya kawaida anayengoja ni kapasita. Volyumu, ileile ya redio, huamua kapasita ijae upesi au polepole. Ikifika volti 32 hivi, kijidude kiitwacho dayaki, mara nyingi DB3, huachia ghafla na kulipiga geti. Vipande vitano tu, vinaingia kwenye kiganja. Karibu makosa yote nitakayoyasimulia hapa yalitokea kwa sababu nilisahau kwamba mamlaka yangu juu ya kitu hiki ni nusu.

2. Robo ya kuzungusha si robo ya umeme

Mama mmoja anayeuza chapati aliniomba nimtengenezee kidhibiti cha jiko lake la umeme. Siku ya tatu akarudi nacho. "Fundi, hiki kinazunguka bure. Mwanzo hakifanyi kitu, mwisho hakifanyi kitu, katikati kinaruka."

Alikuwa sahihi kuliko kitabu changu. Wimbi la umeme lina tumbo katikati na mikia myembamba pembeni. Ukikata robo ya kwanza ya nusu wimbi, yaani ukichelewa milisekunde 2.5, umeondoa asilimia 9 tu ya nguvu. Ukichelewa 5, imebaki nusu. Ukichelewa 7.5, imebaki ile asilimia 9. Kazi yote inafanyika katikati ya mzunguko wa volyumu, na jiko lenye udongo mzito halionyeshi tofauti ndogo za pembeni. Nilichora alama upya kwenye kasha lake, zikakaa mbalimbali pembeni na kubanana katikati, naye akaridhika. Kama ni kidhibiti cha programu, weka jedwali la nyakati ndani yake ili mtumiaji asijue kabisa habari za tumbo na mikia.

3. Mita yangu ilinidanganya, nami nikamdanganya dada

Hili ndilo lililonigharimu aibu kubwa kuliko yote. Dada yangu aliletewa jiko la wali na mwanawe aliyeko Marekani. Zuri, jeupe, na chini limeandikwa volti 120. Huku kwetu ukutani ni 230. Transfoma ya kushusha umeme kwa jiko la namna ile ni nzito na ina bei. Nikasema moyoni, mimi ni fundi wa trayaki, transfoma ya nini?

Nikafunga kidhibiti, nikachomeka jiko, nikaweka mita kwenye waya, nikazungusha polepole mpaka mita ikasoma 115. Nikagandisha volyumu hapo kwa gundi ili watoto wasiiguse. Wali wa kwanza uliiva upesi mno na ukashika ukoko mzito, tukasema huenda ni mchele. Siku ya pili jiko likafa. Fyuzi ya joto iliyo chini ya sahani ya hita ilikuwa imekatika.

Nilikaa na karatasi usiku ule. Mita ya bei rahisi haipimi nguvu ya kweli ya umeme. Hupima wastani wa wimbi, kisha huuzidisha kwa namba moja isiyobadilika, ikiamini kwamba wimbi ni lile laini la ukutani. Wimbi lililokatwa na trayaki si laini, lina ukuta wima mahali lilipokatwa. Ukikata katikati kabisa, wastani unashuka kuwa nusu, kwa hiyo mita inasoma 115. Lakini nguvu ya kupasha joto imeshuka hadi nusu, si robo, na volti za kweli zinazolingana na nusu hiyo ni 163. Jiko la volti 120 likilishwa volti 163 hutoa joto linalokaribia mara mbili ya lile lililoundiwa. Dada alikuwa akipikia tanuru.

Tangu hapo nina mita mbili. Moja ni ile inayopima thamani halisi ya wimbi la umbo lolote, na niliinunua kwa kujinyima. Anayetaka kufanya kazi hii na hana mita ya namna hiyo, apime kwa balbu: balbu mbili za nyuzi zinazofanana, moja kwenye kidhibiti, nyingine kwenye umeme unaojulikana, kisha alinganishe mwanga. Jicho halisomi namba, ila katika hili ni kweli kuliko mita ya bei rahisi.

Hata ningeweka 120 za kweli, bado nisingemrudishia dada jambo salama. Ili kupata 120 kutoka 230, trayaki inangoja milisekunde 6 na kitu, na inapofunguka wimbi bado liko karibu volti 300. Hita haijali, yenyewe hujumlisha joto. Redio, chaja au kitu chochote chenye elektroniki ndani kitapigwa na hizo 300 mara 100 kila sekunde. Nilimnunulia dada transfoma. Ni nzito, na ameiwekea kitambaa cha kufuma juu yake.

4. Mgongo una moto

Katika trayaki ya BT136, na ndugu zake wengi, ule mgongo wa bati umeunganishwa moja kwa moja na MT2. Maana yake hitisinki ya alumini uliyoifunga mgongoni nayo ina umeme wa nyumba. Nililijua hilo kwa kiwiko cha mkono wa kushoto, nilipokuwa nikikaza skrubu ya kasha la chuma. Tangu siku hiyo, penye kasha la chuma natumia za jamii ya BTA, ambazo mgongo wake umetengwa kwa ndani na unavumilia volti 2,500. Angalia herufi vizuri: BTA imetengwa, BTB haijatengwa, na kwa macho ni mapacha.

5. Kila ampia inadai wati yake

Trayaki ikiwa wazi haiwi waya mtupu. Hubakiza volti moja hivi kati ya miguu yake, wakati mwingine moja na nusu. Kwa hesabu ya haraka ya karakana, kila ampia inayopita inaacha wati moja ya joto ndani ya kipande chenye ukubwa wa ukucha. Hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampia 9, basi una wati 9 au 10 za kuondoa. Ndani ya trayaki hapapaswi kupita nyuzi 125. Bila alumini ya kutosha, mafuta meupe ya kupozea na matundu kwenye kasha, BTA16 iliyoandikwa ampia 16 itakufa ikiwa kwenye 5.

Na hapa niseme la mtaani. Si kila kilichoandikwa BTA16 ni BTA16. Kuna fungu nililonunua kwa bei iliyonifurahisha, maandishi yakafutika kwa spiriti nilipoyasugua. Nilizipasua mbili kwa koleo. Kipande cha silikoni ndani kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, kidogo kuliko cha trayaki halali ya ampia 4 niliyoipasua kulinganisha. Siku hizi namba ya ampia naigawa kwa tatu kabla ya kuiamini, halafu nalaza kifaa kwenye mzigo wake saa mbili nzima ndipo mteja aje kukichukua.

6. Pangaboi lina ukaidi wake

Balbu na hita ni watoto watiifu. Pangaboi ni mota, na katika mota mkondo hutembea nyuma ya volti, kama mzee anayemfuata mjukuu sokoni. Trayaki hujifunga mkondo unapofika sifuri. Lakini kwenye mota, mkondo ukifika sifuri, volti imeshavuka zamani na iko juu upande wa pili. Mlango wa mfereji umeanguka sekunde hiyohiyo, na maji ya upande wa pili yanaupiga teke kabla haujakaa sawa. Unafunguka bila amri yako. Pangaboi la kwanza nililolifungia kidhibiti lilikuwa na mwendo mmoja tu, wa juu kabisa, hata ukizungusha volyumu mpaka mwisho.

Dawa yake ni rezista ya omu 100 iliyofuatana na kapasita, zikakaa sambamba na trayaki, ili volti ipande kwa kilima badala ya ukuta. Au ununue trayaki zilizoundwa kuvumilia teke hilo, kama zile za BTA ambazo namba zake huishia na BW. Kapasita yenyewe ichague kwa uangalifu. Inakaa kwenye umeme wa nyumba usiku na mchana, kwa hiyo iwe ile iliyopigwa chapa ya X2 na volti 275. Nilishawahi kuweka ya kawaida niliyoichomoa kwenye televisheni bovu. Ilivimba, ikapasuka, ikanuka, na kasha lilikuwa la mbao. Nashukuru nilikuwa nimekaa mbele yake.

Kisha nikaingia kwenye zama za Arduino, nikadhani programu itanisaidia. Nilitoa pigo moja fupi la geti, sehemu ndogo sana ya milisekunde, kama nilivyozoea kwa balbu. Pangaboi likaanza kunguruma kama ng'ombe mgonjwa na kifua chake kikawa cha moto. Ilinichukua wiki. Katika koili ya mota mkondo hukua polepole. Pigo langu liliisha kabla mkondo haujafikia kiasi cha kuushikilia mlango, na ilitokea upande mmoja wa wimbi ukafanikiwa na wa pili ukashindwa. Basi pangaboi lilikuwa linalishwa nusu wimbi tu, zote za upande mmoja, na huo ni umeme wa betri kwa jina lingine. Mota ya pangaboi ikipata umeme wa namna hiyo, sehemu kubwa inageuka joto na mngurumo. Nilipoliacha geti likipigwa mfululizo hadi karibu na mwisho wa nusu wimbi, likatulia.

Likatulia, lakini halikunyamaza. Ukweli ambao mpenda trayaki hapendi kuusema ni kwamba kwa pangaboi la kulalia, regyuleta ya kapasita yenye hatua nne au tano ni bora. Haikati wimbi, hailii, na usiku wa joto mtu hahitaji mwendo wa namba 3 na robo. Wateja wa vyumba vya kulala nawashauri hiyo. Ya trayaki nawafungia wa saluni, ambako kelele zimejaa tayari.

7. Redio ya jirani

Ule ukuta wima wa wimbi lililokatwa ni kituo kidogo cha redio kinachorusha mngurumo kwenye masafa ya kati. Mzee wa nyumba ya tatu alikuwa akisikiliza taarifa ya habari ya jioni kwenye redio yake ya betri, na kila nikijaribu kidhibiti alitoka nje na kuangalia angani. Koili ndogo ya kuzunguka ferati ikifuatana na mzigo, pamoja na kapasita nyingine ya X2 kati ya laini na nyutro, zilirudisha amani. Vidhibiti vya bei ya chini kabisa huja na nafasi ya koili hiyo kwenye bodi, imechorwa, ina matundu, na ndani yake wameweka kipande cha waya.

8. Jini la chumba cha wageni

Balbu za LED zimenifanya nijifunze upya kazi niliyodhani naijua. Trayaki inahitaji kiasi fulani cha mkondo ili ibaki wazi. BTA16-600B inaweza kudai hadi miliampia 50. Balbu moja ya zamani ya wati 60 ilitoa zaidi ya 250, hakuna aliyelalamika. LED ya wati 5 inatoa ishirini, thelathini, tena kwa mikupuo. Mlango unaanguka, unainuliwa, unaanguka. Taa inacheza kama ya dansini. Dawa za mtaani ni nyingi, ila inayofanya kazi ni kununua LED iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inakubali dima, na dima yenye trayaki ndogo iliyoundiwa mizigo midogo.

Kisa cha pili kilinifikia usiku, kwa simu. Bi mkubwa mmoja, mjane, alikuwa na swichi ya mbali niliyomfungia mimi, ya trayaki. Chumba cha wageni taa ikizimwa haizimi. Inabaki na mwanga mdogo wa kijivujivu kama jicho la paka, na wageni wamekataa kulala humo. Alikuwa ameshamwita shehe asome dua.

Jini lilikuwa langu. Ile kapasita ya nanofaradi 100 niliyoiweka sambamba na trayaki, kwa mazoea ya pangaboi, inapitisha miliampia 7 hivi hata trayaki ikiwa imefunga kabisa. Kwa balbu ya nyuzi ni sawa na kutokuwepo. LED inakusanya hizo 7 na kuwaka. Nilikwenda asubuhi nikaiondoa, maana taa haiihitaji. Shehe aliniuliza kwa upole kama huwa nawaeleza watu mambo hayo kabla ya kuwafungia. Sikuwa nawaeleza.

9. Kuzima si kukata

Kwa sababu hiyohiyo, mbele ya trayaki lazima pawe na swichi ya kweli, yenye vyuma vinavyoachana, au sakiti breka. Trayaki iliyofungwa bado inavuja. Ukigusa waya wa upande wa mzigo, testa itawaka, na wewe unaweza kurushwa. Kijana wangu wa karakana hagusi soketi ya balbu kwa sababu rimoti imesema taa imezimwa. Anakwenda kwenye mein swichi kwanza.

Na majaribio ya kwanza ya bodi yoyote mpya tunayafanya kwa balbu ya wati 100 iliyofungwa kwa mfuatano na laini. Bodi ikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinacholipuka. Sasa hivi kupata balbu hiyo ya nyuzi ni kazi kuliko kupata trayaki.

10. Ikifa, hufa mlango ukiwa wazi

Nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niache kufunga trayaki peke yake kwenye kitu chochote chenye joto.

Mama mmoja mfugaji aliniagiza mashine ya kuangulia vifaranga. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 au zaidi kidogo, siku 21, bila mchezo. Nilitumia balbu nne za wati 60 kama hita, zote kwa pamoja kwenye BT136 moja, na kihisi joto kilichoiambia trayaki ifungue kiasi gani. Mkondo ulikuwa ampia moja tu na trayaki ni ya 4, nikajiona nimeacha nafasi ya kupumua. Kwa wiki mbili joto lilisimama kama limepigiliwa msumari.

Usiku wa 17 balbu moja iliungua. Watu wengi hawajui kinachotokea balbu ya nyuzi inapokatika ikiwa inawaka. Uzi ukikatika, cheche huruka kati ya ncha zake na mara nyingine kugeuka safu ya moto ndani ya kioo, na kwa muda mfupi sana mkondo unapanda hadi makumi ya ampia. Fyuzi ya nyumbani inachelewa, na BT136 imeandikwa kuvumilia pigo la ampia 25, basi. Trayaki ilikufa. Na trayaki ikifa kwa kuzidiwa, kwa kawaida haikatiki kama uzi. Huyeyuka ndani ikawa kipande cha chuma, ikapitisha umeme wote bila kuuliza geti. Balbu tatu zilizobaki ziliwaka kwa nguvu zote hadi asubuhi. Kihisi kilikuwa kizima, kilipiga kelele ya funga, funga, usiku kucha, kwa kitu ambacho hata kikiwa hai hakijawahi kupokea amri ya kufunga.

Mama alifungua kifuniko saa kumi na mbili. Kipimajoto chake kilisoma 44.

Nilimlipa mayai yote, nikaomba nijenge upya bila malipo. Safari hii balbu ziliondoka, nikaweka hita ya waya. Optokapla, ile inayopeleka amri kwenye geti, nikaweka MOC3041, ambayo inakubali kufungua pale tu wimbi linapoanzia sifuri, kwa hiyo inatoa mawimbi mazima: sekunde mbili wazi, sekunde tatu kimya. Kwa hita ni bora kuliko kukata wimbi, na redio ya jirani haijui kama upo. (Nilishawahi kuiweka hiyo MOC3041 kwenye dima ya taa badala ya MOC3021 nikashangaa siku mbili kwa nini taa haipungui. Haiwezi. Imeumbwa kukataa kufungua katikati.) Mbele ya trayaki nikaweka relei inayosimamiwa na themostati nyingine kabisa, ya bati linalojikunja, isiyojuana na bodi kwa lolote, iliyopangwa kukata kwenye 39. Na chini ya hita fyuzi ya joto kama ile iliyokatika kwenye jiko la dada.

Kabla sijakabidhi, nilimwita akaona mwenyewe. Nikaunganisha MT1 na MT2 kwa waya, yaani nikaiua trayaki kwa makusudi, tukakaa kwenye vigoda tukitazama kipimajoto. 38. 38 na nusu. Kwenye 39 na kidogo relei ikalia tak, hita ikazimika. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu.

Ameshaangua matoleo mengi tangu hapo. Bado anatega kengele ya simu kila baada ya saa tatu za usiku, anaamka, anafunua kifuniko kidogo, anasoma zebaki kwa tochi, anarudi kulala.